Mkoba wa Safari na Amana ya Nguo

Watu wa pwani wana ada njema ya kuitikiana katika mambo ya furaha. Mtu wa Mombasa hualikwa nikahi Lamu, wa Tanga hualikwa Unguja, naye hutoka Ijumaa baada ya swala akarejea Jumapili jioni. Safari ni ya siku mbili, na nguo azichukuazo ni chache. Lakini ndizo zilizo bora katika kabati lake: kanzu nyeupe, kofia ya mkono, joho au koti, na kwa mama zetu gauni la harusi na buibui jipya. Kwa hiyo twaona yafaa kusema juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni mkoba wa kuchukulia nguo hizo.

Huenda msomaji akauliza: "Mwalimu wa chuo ana nini na mikoba?" Jawabu yetu ni kwamba tuliadhirika kwa kutojua, na aliyeadhirika hupenda kumwonya mwenziwe.

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa Lamu katika nikahi ya jamaa yetu. Tulifuatana na mwanafunzi wetu mmoja, kijana wa miaka 13, yatima wa baba, ambaye alichaguliwa kufungua majlisi kwa kisomo cha Qur'ani. Mama yake alijinyima akamshonea kanzu mpya. Alituletea imekunjwa ndani ya leso, akasema: "Mwalimu, hii ni amana. Mwanangu hana nyingine." Tukaipokea, tukaitia katika begi letu, ambalo tulikuwa tumelinunua juma lile kwa sababu lilikuwa jeusi, laking'aa, na bei yake nafuu.

Basi la abiria lilitufikisha Mokowe, na kutoka hapo mtu huvuka kwa boti mpaka kisiwani. Ilikuwa wakati wa Kusi, na maji yakaturukia. Nayo zipu ya begi, kwa kushindiliwa vitu, ilikuwa imekwisha achana njiani bila ya sisi kujua. Tulipofungua nyumbani kwa mwenyeji wetu, tulikuta bitana nyeusi imechuja rangi juu ya kanzu ya kijana, na chupa ya mafuta ya udi, tuliyoitia pembeni kwa haraka, imevuja juu ya ile rangi. Kanzu yetu nayo haikusalimika, lakini hiyo haikutuumiza sana.

Kijana hakulia. Aliazimwa kanzu ya mtu mzima, akakunja mikono mara mbili, akasoma, na kisomo chake kilikuwa kizuri. Hakuna aliyemcheka. Lakini sisi macho yetu hayakutoka katika ile mikono iliyokunjwa. Tuliporejea tukamnunulia mama kitambaa kingine, naye akasema: "Ni kadari, Mwalimu." Tulimshukuru kwa upole wake. Hata hivyo kadari haimwondolei mtu wajibu wake, imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Nasi ngamia wetu hatukumfunga.

Tangu siku hiyo hatununui mkoba kwa macho. Twataka msomaji naye, kabla hajatoa fedha, ayapime mambo haya.

La kwanza ni umbo. Nguo ya heshima yataka kulazwa, haitaki kusokotwa. Begi la mviringo kama mto, wapendalo vijana wa mpira, hukusanya nguo zote katikati, na kanzu hutoka imekunjamana. Mkoba wa nguo uwe wa pembe nne, na chini yake pawe pagumu. Usiulize ukubwa kwa mwenye duka: ikunje kanzu yako nyumbani vizuri upendavyo kuivaa, uipime kwa utepe wa fundi cherehani, kisha upime ndani ya mkoba. Kwa mtu wa kimo cha wastani, mkoba wenye urefu wa sentimita 50 hadi 55 ndani humfaa, kwani mabega hulala sawa bila ya kukunjwa. Mwenye kuvaa joho au suti aweza kutafuta ule mfuko mrefu ambao nguo hutundikwa ndani yake juu ya henga, kisha mfuko hukunjwa mara moja tu katikati. Huo ndio uhifadhio nguo kuliko yote.

La pili ni kitambaa. Ngozi ni nzuri na hudumu, lakini ni nzito, na katika unyevu wa pwani huota ukungu isipotunzwa. Turubai nene ni imara, ila hunywa maji isipopakwa dawa ya kuyazuia. Nailoni ni nyepesi, na iliyopakwa dawa hiyo kwa ndani hustahimili rasharasha. Chochote utakachochagua, itazame bitana. Chukua kitambaa cheupe, ukiloweshe kidogo, uisugue bitana kwa nguvu. Kikitoka na rangi, rudisha mkoba mahali pake uende zako. Mtihani huu hauchukui hata dakika moja, na lau tungaliujua zamani tungaliokoa kanzu ya yatima.

La tatu ni mishono na zipu. Mkoba wa harusi hauharibiki sandukuni. Huharibika mkononi mwa utingo arushaye mizigo. Tazama kama ukanda wa mpini umezunguka mpaka chini ya mkoba, au umeshonwa juu tu. Ule uliozunguka ndio wenye nguvu. Fungua na kufunga zipu mara kumi, na uangalie zaidi kwenye pembe. Meno makubwa ni bora kuliko madogo. Chuma duni hushika kutu kwa hewa ya bahari, na kutu juu ya nguo nyeupe ni vigumu kuitoa.

La nne ni kutenga. Mkoba wenye mfuko wa pembeni wa viatu ni bora. Usipokuwa nao, vitie viatu katika mfuko wao. Mafuta ya udi na manukato yasilale na nguo kabisa. Yatie katika kichupa kidogo, ukifunge kwa nailoni, ukiweke nje. Mwenye kusafiri kwa ndege akumbuke pia kwamba katika viwanja vingi chupa inayozidi mililita 100 hairuhusiwi katika mzigo wa mkononi, na kwamba mashirika mengi huuwekea mzigo huo kikomo cha kilo 7. Mkoba ambao mtupu una kilo 3 umekwisha kula karibu nusu ya haki yako.

Ama kupanga, wazee wetu walikuwa na elimu ambayo sisi twaipoteza. Wao waliita bahasha ule mfuko wa kitambaa, kabla neno hilo halijawa la barua tu. Nguo waliifunga ndani ya kitambaa kwanza, kisha ndipo waliitia katika kasha. Fanya hivyo hivyo. Tandika leso safi iliyokwisha fuliwa mara nyingi, ulaze kanzu juu yake, utie kikoi laini mahali pa mkunjo ili usipige mstari, kisha uifunge leso. Joho lenye tarizi na buibui lenye shanga vigeuzwe ndani nje. Vizito vikae chini, na nguo ya majlisi iwe juu ya vyote. Kofia ya mkono, ambayo pengine imeshonwa kwa miezi, usiilaze bapa: itie soksi safi au kitambaa ndani, ikae kama iliyo kichwani. Na ukifika, kabla ya kunywa kahawa, toa nguo uitundike.

Yabaki jambo moja, nalo ni la nia. Dini yetu haikumkataza mtu kupendeza. Katika Sura ya Al-Aaraf twaamrishwa tuvae mapambo yetu mahali pa ibada, na Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba kupenda nguo nzuri si kiburi, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Lakini twawaona vijana wakikopa ili wanunue begi lenye jina kubwa, kisha ndani yake wakatia kanzu isiyopigwa pasi. Huko ni kuheshimu ganda na kulisahau tunda. Mkoba wa bei ya kadiri, ulioshonwa imara, usiochuja rangi, humtosha Mwislamu miaka mingi, na fedha iliyobaki imfae ndugu yake.

Mwaka uliofuata kijana yule alialikwa tena kusoma, safari hii Malindi. Mama yake alituletea kanzu mpya, imekunjwa ndani ya leso ile ile. Hakulitaja tena neno la amana. Tuliufungua mkoba mbele yake, tukaiweka kanzu juu ya vyote, tukafunga zipu polepole mpaka mwisho, naye akatazama mpaka tulipomaliza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuzichunga amana zetu, kubwa na ndogo. Amin.