Nadharia Tete na Jaribio: Istilahi za Utafiti wa Saikolojia

Miongoni mwa istilahi za saikolojia zinazowatatiza wafasiri na wanafunzi ni nadharia na nadharia tete. Aghalabu hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja. Nadharia ni maelezo mapana yanayounganisha matokeo mengi yaliyokwisha kupimwa. Nadharia tete ni kauli mahsusi isiyokomaa bado, kama lidokezavyo neno tete lenyewe, iliyoundwa kwa namna ambayo jaribio laweza kuikanusha. Kauli isiyoweza kukanushwa na tukio lolote haistahili jina hilo.

Mfano mashuhuri ni ule wa farasi Hans wa Berlin, Ujerumani. Mwenyewe, Wilhelm von Osten, aliamini kwamba farasi huyo anajua hesabu, kwani alijibu maswali kwa kupiga ukwato chini. Mwaka 1904 tume iliyoongozwa na Carl Stumpf haikuona hila yoyote. Lakini kukosekana kwa hila si uthibitisho wa akili. Oskar Pfungst, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1907, alipima nadharia tete mbili zinazoshindana: ama farasi anakokotoa mwenyewe, ama anafuata ishara za mwulizaji. Ikiwa ya kwanza ni kweli, atajibu sawasawa hata kama mwulizaji halijui jibu. Ikiwa ya pili ni kweli, atashindwa. Farasi akashindwa karibu kila mara. Alishindwa vilevile alipozuiwa asimwone mwulizaji. Ikabainika kwamba waulizaji, pasipo kujitambua, waliinua kichwa kidogo sana idadi sahihi ilipofikiwa.

Katika jaribio hili, mwulizaji kujua au kutojua jibu, jambo lililobadilishwa kwa makusudi, huitwa kigeu huru. Usahihi wa majibu, uliopimwa, ni kigeu tegemezi. Kuyazuia mambo mengine yasibadilike ndiko udhibiti.

Hatuna budi kuangalia vitenzi pia. Jaribio huweza kuikanusha nadharia tete au kuiunga mkono. Haliithibitishi moja kwa moja, kwa kuwa maelezo mengine yaweza kuzaa matokeo yale yale. Majibu sahihi ya Hans yaliafikiana na elimu ya hesabu, na yaliafikiana pia na ishara za kichwa. Kwa hiyo mfasiri aandikapo "imethibitishwa" mahali ambapo mtafiti alisema "imeungwa mkono", humpa msomaji uhakika ambao mtafiti hakuudai. Kosa hilo likiingia katika kitabu cha kiada, hurithiwa darasa baada ya darasa.