Mtu wa Pili Katika Benchi: Jinsi Kocha Mkuu Anavyochagua Wasaidizi Wake

Timu ya mpira wa miguu inaposhinda au kufungwa, sifa na lawama humwangukia kocha mkuu, ingawa sehemu kubwa ya kazi inayozaa matokeo hayo hufanywa na watu ambao watangazaji hawawataji sana. Watu hao, ambao kwa pamoja huitwa benchi la ufundi, ndio wanaoendesha mazoezi ya kila siku, wanaowanoa makipa, wanaofuatilia afya za wachezaji na wanaowachunguza wapinzani, na kwa sababu hiyo uamuzi wa nani awe msaidizi wa kocha hauna uzito mdogo kuliko uamuzi wa kumsajili mshambuliaji. Makala haya yanaeleza jinsi uamuzi huo unavyofanyika, kwanza katika klabu kubwa za Tanzania na nchi nyingine, kisha katika kata kama Tlawi, wilayani Mbulu, ambako kocha mara nyingi ni mwalimu wa shule. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba msaidizi anayefaa ni yule anayejua asichokijua mkuu wake, anayethubutu kumpinga faraghani, na anayeweza kubaki na maarifa ya timu siku mkuu huyo anapoondoka.

Benchi na kazi zake

Katika klabu ya Ligi Kuu, benchi la ufundi huwa na kocha msaidizi mmoja au wawili, kocha wa makipa, kocha wa viungo ambaye hujenga nguvu, kasi na pumzi za wachezaji, na mchambuzi wa video, yaani mtaalamu anayekata vipande vya picha za mechi ili kuonyesha makosa ya timu yake na udhaifu wa wapinzani. Hao huungana na daktari, meneja wa timu na mtunza vifaa. Mgawanyo wa namna hii umekwenda mbali zaidi Marekani, ambako timu za vyuo vikuu zinazocheza mpira wa Kimarekani, mchezo ambao mpira hubebwa na kurushwa kwa mikono, ziliruhusiwa kuanzia mwaka 2018 kuwa na makocha wasaidizi 10, mmoja akisimamia mashambulizi, mwingine ulinzi, na waliosalia wakigawana nafasi za wachezaji pamoja na jukumu la kutafuta vijana wapya mashuleni. Kocha mkuu wa huko hutumia muda mwingi kuwasimamia wasaidizi wake, na ndiyo maana kuwapata wanaofaa huhesabiwa kuwa miongoni mwa kazi zake za kwanza anapoajiriwa.

Umuhimu wa msaidizi katika mpira wa miguu huonekana waziwazi wakati wa mapumziko, ambayo hayazidi dakika 15. Wachezaji huhitaji kwanza kunywa maji, kutulia na kufungwa majeraha, kwa hiyo muda wa kuzungumza huwa mfupi mno. Kocha mwenye msaidizi makini humsikiliza kwanza kabla hajaingia chumbani, naye msaidizi humweleza mambo mawili au matatu aliyoyaandika kwenye daftari, kwa mfano kwamba beki wa kushoto anashambuliwa na watu wawili kwa kuwa winga wake harudi kukaba, au kwamba kipa wa wapinzani anapata shida na mipira ya juu. Kisha mkuu huamua lipi iambiwe timu nzima na lipi aelezwe mchezaji mmoja pembeni. Msaidizi anayesubiri kuulizwa, au anayerudia tu maneno ya bosi wake, huinyima timu yake nusu ya macho iliyokuwa nayo.

Kuja na watu wake au kuwakuta wenyeji

Swali la kwanza ambalo kocha mkuu na klabu hulazimika kulijibu ni kama msaidizi atatoka kwa kocha au kwa klabu. Makocha wengi wa kigeni hupenda kuja na watu waliokwisha kufanya nao kazi, kwa kuwa watu hao wanaujua mfumo wao na hawahitaji kufundishwa upya. Fadlu Davids wa Afrika Kusini, alipojiunga na Simba mwaka 2024, alikuja na kundi la wasaidizi kutoka nchini kwake, na katika msimu wake wa kwanza timu ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Faida ya utaratibu huu ni kwamba kazi huanza bila kupoteza muda. Hasara yake ni kwamba kocha anapoondoka, kama Davids alivyoondoka Septemba 2025 kwenda Raja Casablanca, wasaidizi wake nao hufungasha, na klabu hulazimika kuanza upya.

Kwa sababu hiyo klabu za Tanzania huweka katika benchi angalau msaidizi mmoja mwenyeji. Selemani Matola, aliyewahi kuwa kiungo wa Simba, alianza kazi ya usaidizi katika klabu hiyo mwishoni mwa mwaka 2019, na kwa vipindi tofauti amewasaidia makocha kutoka Ubelgiji, Ufaransa, Hispania na Afrika Kusini. Msaidizi wa aina hii humweleza mgeni mambo ambayo hayamo katika video yoyote: uwanja upi wa mkoani una nyasi ngumu, mchezaji yupi hukata tamaa akikaripiwa mbele ya wenzake, na mechi ipi mashabiki hawatasamehe ikipotea. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, walikuwa na matumaini kwamba mgeni huja na jambo jema. Katika benchi la ufundi, jema hilo hubaki pale tu panapokuwa na mwenyeji aliye tayari kulipokea na kulitunza.

Sifa zinazotafutwa

Sifa ya kwanza ni kukamilishana. Mfano unaotajwa sana katika historia ya mchezo huu ni wa Brian Clough na msaidizi wake Peter Taylor, Waingereza walioipa Derby County ubingwa wa ligi mwaka 1972 na Nottingham Forest ubingwa wa ligi mwaka 1978, kisha Kombe la Ulaya mwaka 1979 na 1980. Clough alikuwa na kipaji cha kuwaamsha wachezaji kwa maneno, ilhali Taylor alikuwa na jicho la kumtambua mchezaji ambaye wengine wamempuuza. Na mwaka 1974, Clough alipokwenda Leeds United bila Taylor, alidumu siku 44 tu. Funzo lake ni kwamba kocha anayetafuta msaidizi anapaswa kwanza kujichunguza mwenyewe na kukiri upungufu wake, kwa kuwa aliyezoea kucheza ushambuliaji akimchagua mshambuliaji mwenzake, safu ya ulinzi hubaki bila mlezi.

Sifa ya pili ni uaminifu unaoruhusu kutofautiana. Cedric Kaze, raia wa Burundi, alikuwa kocha mkuu wa Yanga kuanzia Oktoba 2020 hadi Machi 2021, akaondolewa, kisha akarudi katika klabu hiyohiyo kuwa msaidizi wa Nasreddine Nabi wa Tunisia. Kocha mwenye hofu angemkwepa mtu aliyewahi kukalia kiti chake, lakini Nabi alifanya naye kazi, na benchi lao liliipa Yanga ubingwa wa msimu wa 2021/22 bila kupoteza mechi ya ligi, pamoja na nafasi katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Ushirikiano huo ulifufuliwa baadaye Afrika Kusini, Nabi alipokuwa kocha wa Kaizer Chiefs akisaidiwa na Kaze pamoja na Khalil Ben Youssef; na Nabi alipoondoka mwaka 2025, wasaidizi hao wawili ndio waliokabidhiwa timu.

Sifa ya tatu ni utayari wa kushika usukani ghafla. Wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Januari 2024 nchini Ivory Coast, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilimfungia kocha wa Taifa Stars, Adel Amrouche, mechi nane siku mbili tu baada ya timu kufungwa 3-0 na Morocco. Hemed Suleiman, anayejulikana zaidi kwa jina la Morocco, alipandishwa kuwa kaimu kocha mkuu akisaidiwa na Juma Mgunda, na timu ikatoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mgunda mwenyewe alikuwa amepitia njia ya kinyume, kwani Septemba 2022 alichukuliwa kutoka Coastal Union kuiongoza Simba kwa muda, na Roberto Oliveira wa Brazil alipowasili Januari 2023, alikubali kuwa msaidizi wake. Kupanda na kushuka kwa namna hiyo bila kuvuruga chumba cha wachezaji ni kipimo cha tabia ambacho cheti hakiwezi kukitoa.

Hata hivyo vyeti havipuuzwi, kwa kuwa CAF ina ngazi za diploma za ukocha, kuanzia D, ambayo ni ya awali, hadi A na ile ya juu kabisa inayoitwa Pro, na kanuni za mashindano hutaja ngazi ambayo kocha anapaswa kuwa nayo ili aketi katika benchi. Kocha mkuu mwenye busara hukagua vyeti kwanza, kisha humpa mwombaji dakika 30 za kuendesha mazoezi na kumtazama: kama anasimamisha zoezi kila mara ili ahutubie, kama anawajua wachezaji kwa majina baada ya muda mfupi, na kama mchezaji aliyekosea hurudi mchezoni akiwa ameelewa au akiwa amefedheheka.

Katika viwanja vya Tlawi

Mkoa wa Manyara umeingia katika ramani ya Ligi Kuu kupitia Fountain Gate, inayotumia uwanja wa Tanzanite Kwaraa mjini Babati, lakini mpira wa watu wengi wa Mbulu na Hanang huchezwa katika viwanja vya shule na vya vijiji, na ngazi zake ni mashindano ya kata, ligi ya wilaya, na michezo ya shule ya UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari. Katika kata kama Tlawi, kocha mkuu huwa mwalimu anayefundisha darasani hadi mchana, asiyelipwa kwa kazi ya uwanjani, na mwenye mipira michache kwa kundi kubwa la vijana. Hali hiyo inaufanya uchaguzi wa msaidizi kuwa wa lazima, kwa kuwa mtu mmoja akiwagawa vijana 30 katika makundi mawili, kundi moja hubaki bila mwangalizi, na makipa husahaulika wakipigiwa mashuti na wenzao hadi giza linapoingia.

Katika mazingira hayo sifa zilizotajwa hazibadiliki, ila huvaa sura nyingine. Kukamilishana kunaweza kumaanisha kwamba mwalimu aliyetoka mkoa mwingine anamchagua kijana wa palepale, mkulima au dereva wa bodaboda aliyewahi kuichezea timu ya kata, anayeweza kuzungumza na wazazi kwa Kiiraqw, au kwa Kidatooga upande wa Hanang, na anayejua ni lini vijana watahitajika shambani au machungani, ili ratiba ya mazoezi isigombane na kazi za nyumbani. Kwa timu ya wasichana, kuwapo kwa msaidizi mwanamke kunapaswa kuwa sharti, kwa kuwa wachezaji wana mambo ya afya na usalama ambayo hawatamweleza mwanamume, na wazazi huruhusu safari kwa moyo mweupe wanapomjua mama anayeongozana na watoto wao.

Eneo hili lina hazina nyingine, ambayo ni urithi wa mbio ndefu. Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia mguu. Hanang ndiko alikotoka Gidamis Shahanga, mshindi wa marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Na Gabriel Geay, mwana wa Manyara, alikimbia marathoni ya Valencia mwaka 2022 kwa saa 2 na dakika 3 kamili. Mwanariadha mstaafu wa kijijini anaweza kuwa kocha wa viungo ambaye klabu za mjini zingemlipa, mradi mkuu wake amweleze tofauti ya michezo hii miwili: mchezaji wa mpira hukimbia kiasi cha kilomita 10 katika mechi, lakini huzikimbia kwa vipande vya kasi, vya kusimama na kugeuka ghafla, na mazoezi ya kupanda vilima kwa mwendo mmoja hayatamtosha.

Kinachopaswa kuepukwa, Tlawi kama kwingineko, ni kumpa mtu nafasi kwa sababu ni rafiki au ndugu, au kwa sababu ndiye mwenye pikipiki ya kubebea vifaa. Mwalimu huhamishwa, na mara nyingi timu aliyoijenga kwa miaka mitatu husambaratika ndani ya muhula mmoja, kwa kuwa majina, mazoezi na mipango yote vilikuwa kichwani mwake. Dawa ya tatizo hilo ni kumchagua mapema msaidizi atakayebaki, kumwachia aendeshe mazoezi walau siku moja kwa wiki, kumshirikisha katika kupanga kikosi, na kumsaidia apate nafasi katika kozi ya diploma D inapotangazwa karibu. Halmashauri, shule na vyama vya mpira vya wilaya, ambavyo huuliza timu imeshika nafasi ya ngapi, vingeitendea haki kazi hii vikimwuliza pia kila kocha amemwandaa nani, kwa kuwa vijana wa Tlawi watakaocheza miaka mitano ijayo watafundishwa, kwa sehemu kubwa, na huyo anayechaguliwa leo kuwa wa pili.