Seli ya Pete: Jina Baya, Mwanzo Mpole

Je, wajua kwamba moja ya seli za saratani zinazoogopwa sana inaweza kukaa ndani ya tumbo la binadamu miaka mingi bila kumdhuru?

Kuijua sura yake si kazi ngumu. Kinyama kilichochukuliwa tumboni hukatwa vipande vya unene wa mikromita 4 hivi, kikatiwa rangi ya zambarau na waridi, kikawekwa chini ya hadubini. Hapo utaiona: seli nene, iliyojaa tone moja kubwa la ute, na kiini chake kimesukumwa pembeni hadi kikabanwa ukutani. Umbo zima ni la pete ya muhuri, kiini kikiwa pale kwenye kito. Ndiyo maana wanapatholojia wakaiita seli ya pete.

Mwaka 1965 Pekka Laurén, mwanapatholojia wa Finland, alizigawa saratani za tumbo katika makundi mawili makubwa. Katika kundi la kwanza seli hushikana na kuunda vijitezi vinavyofanana na vya utumbo. Aina hii kwa kawaida huja baada ya miaka mingi ya uvimbe sugu unaoletwa na bakteria Helicobacter pylori. Katika kundi la pili seli haziundi kitu. Hutawanyika mojamoja ukutani mwa tumbo. Seli ya pete ni ya kundi hili, ambalo huwapata vijana na wanawake zaidi kuliko lile la kwanza. Mara nyingi seli hizo zimepoteza protini iitwayo E-kadherini, ambayo kazi yake ni kushikanisha seli na jirani zake.

Seli isiyoshikwa na yeyote huenda itakako, na ikishazama chini hadi kwenye misuli, madhara yake ni makubwa. Ukuta wa tumbo huwa mnene na mgumu, tumbo likashindwa kutanuka, mgonjwa akashiba kwa matonge mawili. Seli humwagika kwenye utando unaofunika viungo vya tumboni. Kwa wanawake hufika hata kwenye ovari na kuota uvimbe: daktari Friedrich Krukenberg alipoueleza uvimbe huo mwaka 1896 alidhani umezaliwa palepale kwenye ovari, kumbe mara nyingi asili yake ni tumboni.

Kwa hiyo mtu angetarajia seli hii iwe mbaya tangu siku ya kwanza. Wajapani, ambao tangu mwaka 1962 wana maana rasmi ya saratani changa ya tumbo (ile ambayo haijavuka tabaka mbili za juu za ukuta), walikuta mambo sivyo. Saratani changa iliyo ya seli za pete tupu mara nyingi haina matokeo mabaya kuliko aina nyingine, na pengine ni nafuu. Seli zile zilizovimba kwa ute hugawanyika polepole. Zinazotia wasiwasi zaidi ni saratani za mchanganyiko, ambamo seli za pete zimekaa pamoja na seli nyingine zisizokomaa: hizo hufika kwenye tezi za limfu mara nyingi zaidi kuliko pete tupu. Kwa maoni yangu, ripoti inayoandika "seli za pete" bila kusema kama ni tupu au zimechanganyika, na zimezama kiasi gani, haijamsaidia daktari wala mgonjwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atabaki na tumbo lake. Mwaka 2000 Takuji Gotoda na wenzake wa Tokyo walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 5,265 waliofanyiwa upasuaji wa saratani changa. Kati ya saratani 1,230 za aina ya vijitezi zilizoishia kwenye utando wa juu na kuwa chini ya sentimita 3, hakuna hata moja iliyokuwa imefika kwenye tezi za limfu. Vidonda vya namna hiyo vinaweza kubanduliwa kwa mpira wa endoskopia, bila kupasua. Kwa seli za pete masharti ni makali zaidi: saratani iwe kwenye utando wa juu tu, isizidi sentimita 2, na isiwe na kidonda cha kuchimbika. Tena mipaka yake ni migumu kuonekana, kwa sababu seli hupenya chini ya uso wa utando ulio mzima. Kamera huona baka lililopauka tu. Daktari makini huchukua vinyama kulizunguka baka hilo kabla ya kukata.

Ushahidi mwingine kwamba seli ya pete huanza kwa upole ulitoka New Zealand. Mwaka 1998 Parry Guilford wa Chuo Kikuu cha Otago na wenzake, wakishirikiana na familia za Wamaori zilizopoteza ndugu wengi kwa saratani ya tumbo, walionyesha kwamba chanzo ni hitilafu ya kurithi katika jeni CDH1, inayotengeneza E-kadherini. Wenye hitilafu hiyo hushauriwa kutolewa tumbo mapema. Tumbo lililotolewa likikatwakatwa lote na kuchunguzwa, mara nyingi hukutwa na vituo vidogo vya seli za pete, vingi chini ya milimita moja, hata kwa mtu asiye na dalili yoyote. Lakini si kila mwenye hitilafu hupata saratani iliyoenea. Vingi vya vituo hivyo vimelala.

Kinachoviamsha ndicho kinachotafutwa sasa, na kundi la Otago linatafuta pia dawa zitakazoua seli zilizokosa E-kadherini na kuziacha salama zilizo nayo, ili vijana wa familia zile waweze kubaki na matumbo yao.