Ndoano Yenye Chambo Hai: Mtego wa Barafuni na Ziwa Letu la Kivu (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tuliishia kwenye taa za wavuvi wa sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Leo nahamia kwenye ndoano, hasa ile inayobeba samaki mdogo aliye hai ili imnase mkubwa. Vijana wa hapa Mbugangari, Rubavu, wanatazama kwenye simu zao video za watu waliojifunika makoti mazito juu ya ziwa lililoganda. Wanatoboa barafu, wanateremsha uzi, na baada ya muda wanatoa samaki mrefu mwenye mdomo mpana uliobapa na meno ya kutisha. Kisha huja swali: je, mtego ule hauwezi kutengenezwa hapa ukashushwa Kivu? Kuutengeneza ni kazi ya jioni moja. Kuushusha ndiko kwenye maneno.

Samaki yule anaitwa paiki, naye ni wa maji baridi ya Ulaya, Asia ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini. Hana tabia ya kufukuza windo mbali. Hujibanza penye majani ya majini, akatulia kabisa, kisha akachomoka ghafla. Baridi haimzuii kula. Maji huwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4 za Selisiasi, kwa hiyo hayo hushuka chini na yale yaliyo baridi zaidi hubaki juu na kuganda. Chini ya barafu ziwa lingali maji, na paiki yumo, ana njaa.

Mtego wenyewe huanza na waya. Uzi wa nailoni peke yake haufai, maana meno ya paiki huukata. Hutwaliwa kipande cha waya laini wa chuma uliosokotwa, sentimita 45 hivi. Ncha moja hukunjwa kuwa kitanzi, kikabanwa kwa kijibomba kidogo cha chuma na koleo, na hapo ndipo panapofungwa pete inayozunguka ili uzi usijisokote. Ncha ya pili hufungwa ndoano ya pembe tatu. Ndoano nyingine ya aina hiyo huvishwa juu yake bila kukazwa sana, iweze kusogezwa juu au chini kufuata urefu wa chambo. Juu ya waya hutiwa chubwi ndogo, nzito kiasi cha kumshusha samaki wa chambo bila kumlaza chini.

Sasa chambo. Pembe moja ya ndoano ya kwanza hupenyezwa kwenye nyama karibu na pezi la mgongoni, juujuu, bila kugusa uti wa mgongo. Ya pili hupenyezwa ubavuni karibu na pezi la mbele. Akishikwa hivyo, samaki huendelea kuogelea, na mtikisiko wake ndio unaomwita paiki.

Kwa nini ndoano mbili? Kwa sababu ya namna paiki anavyokula. Humdaka windo kwa ubavu, akamshika katikati ya mdomo, kisha akamgeuza na kummeza kuanzia kichwani. Zamani wavuvi walitumia ndoano moja na kumsubiri ameze. Matokeo yake ndoano ilifika tumboni, na hata samaki mchanga aliyepaswa kurudishwa majini alikufa. Kwa ndoano mbili mvuvi huvuta mara tu chambo kinapodakwa, na ndoano hushika pembeni mwa mdomo. Naona hapa ndipo penye ufundi hasa. Mengine ni koleo na waya tu.

Juu ya tundu huwekwa vijiti viwili vilivyopishana, rili ndogo ikining'inia ndani ya maji isigande. Paiki akivuta, kijiti cha chuma hufyatuka na kibendera husimama. Mvuvi mmoja anaweza kuweka mitego kadhaa kwa kadiri sheria ya kwao inavyoruhusu, akakaa kando akiota moto.

Ufundi wa jamii hiyo hatuukosi Afrika Mashariki. Nenda Mwanza au Musoma uulizie migonzo. Ni kamba moja ndefu, vijikamba vimening'inizwa kwa kupishana, kila kimoja na ndoano yake; ncha zake hufungwa mawe ya nanga na maboya ya madumu. Hutegwa jioni, hutazamwa alfajiri, na anayetafutwa ni sangara, yule ambaye Wakenya humwita mbuta na Waganda mputa. Chambo kinachopendwa ni kambare mchanga. Kambare ana kiungo cha ziada cha kuvuta hewa, hivyo hustahimili kukaa kwenye ndoo yenye maji kidogo, hustahimili safari ya pikipiki kutoka bwawani hadi mwaloni, na akishapenyezwa ndoano mgongoni huchezacheza usiku mzima. Samaki mwingine angekuwa amekwisha kabla ya saa sita. Ndiyo maana wafugaji wa kambare wamepata soko wasilolitarajia: vifaranga vyao haviendi kukuzwa, vinanunuliwa viwe chambo.

Paiki wa barafuni na sangara wa Viktoria wanavuliwa kwa hila moja, kwa sababu wote wawili ni wala samaki wakubwa. Mtego wa chambo hai una maana pale tu penye mla samaki wa kuujia.

Kivu hakuna mlaji mkubwa wa namna hiyo. Ziwa hili limezaliwa na volkano: milima ya Virunga ilipojengeka, iliziba maji yaliyokuwa yakienda kaskazini, yakajaa bondeni hadi yakapata njia ya kusini kupitia mto Rusizi. Maporomoko ya mto huo yaliwazuia samaki wa Tanganyika kupanda. Kutoka kina cha mita 60 hivi kwenda chini hakuna oksijeni, ni gesi ya kaboni na methani iliyoyeyuka, ingawa ziwa lina kina cha mita 485. Aina za samaki wote hazifiki 30. Sangara hayumo. Kambare yumo, kandokando. Kuna pia furu wa Kivu anayekula sambaza, ila umbo lake ni dogo. Hawezi kumshughulisha mtu mwenye waya na ndoano za pembe tatu.

Hata sambaza ni mgeni. Vifaranga vya dagaa wa Tanganyika vililetwa kati ya 1958 na 1960, aina mbili, ikasalimika moja tu, ile ambayo kule huitwa lumbu. Kwa hiyo leo tuna chambo tele katikati ya ziwa bila mlaji mkubwa wa kutegewa.

Tena sambaza hafai kuwa chambo hai. Mshike kwa vidole viwili wakati wavu unapoinuliwa: magamba yanabaki mkononi yakimetameta kwenye mwanga wa taa, mdomo unafunguka mara mbili tatu, basi. Hakuna ndoo itakayomfikisha ufukweni akiwa hai.

Anayetaka kujaribu ndoano atafute kambare, usiku, karibu na mito inapoingia ziwani, kama Sebeya upande wa Nyamyumba. Waya wa chuma hauhitajiki. Uzi mnene, ndoano moja imara, chubwi inayolala chini, na chambo kilichokufa: nyungunyungu, au kipande cha sambaza kilichoanza kunuka. Kambare hutafuta kwa sharubu na harufu, mtikisiko wa samaki mzima si lazima kwake.

Limebaki wazo ambalo nimelisikia kwa watu wenye akili zao: tuletewe sangara. Sangara alitiwa Viktoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimepotea. Hapa angewamaliza sambaza, na sambaza ndiyo nyama ya mwenye kipato kidogo, Rubavu na Goma pia. Akina mama wanaovuka mpaka wa Petite Barrière asubuhi na beseni kichwani wanalijua hilo kuliko mimi. Wala si lazima mtu aje na nia kubwa hivyo. Ndoo ya chambo ikimwagwa yatosha kuleta samaki mgeni. Mwaka 2006 alionekana Kivu samaki mwingine wa Tanganyika, mwembamba mwenye vidoa vya kumeta, ambaye wavuvi walimpa jina Rwanda Rushya. Sasa anashindania chakula na sambaza. Norwe na Uholanzi zimepiga marufuku samaki hai kuwa chambo, kwa kumwonea huruma samaki mwenyewe na kwa kuhofia ndoo kama hizo.

Juma lijalo nitaandika juu ya nyavu za kaningini, na kwa nini ziwa hufungwa miezi miwili kila mwaka.