Kiti Kitupu Hulipa, Sufuria Hailipi

Ninashika hesabu za biashara ndogondogo za Mji wa Kale, Mombasa: majiko ya kina mama, duka la leso Barabara ya Biashara, na mashua moja ya kutembeza wageni. Msimu ukilala, hakosi mmoja wao kuja kuniuliza kama akubali kampuni ya mtandaoni imuuzie kuponi za nusu bei. Mimi humuuliza kwanza: unauza nini?

Kampuni hizi haziuzi mali yao. Huenda kwa mwenye mkahawa, saluni au hoteli, wakapatana punguzo kubwa, kisha zikaitangaza ofa hiyo kwa maelfu ya watu kwa muda mfupi, pengine siku moja tu. Mteja hulipa kabisa, hupewa namba ya kuponi, na akiwa na nafasi huenda kula au kusukwa. Fedha hizo hugawanywa, na kwa kawaida kampuni huondoka na karibu nusu.

Iliyoivumisha biashara hii ni Groupon, iliyoanzia Chicago mwaka 2008 kwa ofa ya pizza. Miaka miwili baadaye iliripotiwa kukataa dola bilioni 6 za Google. Novemba 2011 ilianza kuuza hisa sokoni kwa dola 20 kila moja. Mwaka uliofuata hisa hiyo ilishuka chini ya dola 3, na Februari 2013 mkuu wake, Andrew Mason, akafutwa kazi. Kenya nayo ilipata za kwake, na iliyojulikana zaidi ni Rupu, iliyokuwa chini ya Ringier ya Uswisi. M-Pesa ilikuwapo tangu 2007, kwa hiyo mnunuzi hakuhitaji kadi ya benki. Kikwazo kilikuwa upande wa muuzaji.

Mama mmoja mpishi wa mtaa wa Ndia Kuu aliniletea mkataba wa namna hiyo. Tulikaa barazani kwake, harufu ya vitunguu vya kukaanga ikitoka ndani.

“Mwanangu, hawa wanasema wataniletea watu mia mbili,” aliniambia kwa furaha.

“Inshallah, mama. Lakini kwanza tupige hesabu ya sahani moja.”

Sahani yake ya biriani ya mbuzi aliiuza shilingi 600. Mchele, nyama, samli, viungo na makaa vilimla 350. Kuponi ingeuzwa 300, kampuni ichukue 150, naye abaki na 150. Maana yake, kila sahani ingemtoa shilingi 200 mfukoni. Kwa watu mia mbili ni shilingi 40,000, na hapo hajamlipa kijana wa kuosha vyombo.

Alilitazama daftari, akaniuliza, “Na wakirudi kula kwa bei yangu?”

Hilo ndilo swali lenyewe. Utpal Dholakia, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, aliwauliza wafanyabiashara 150 waliowahi kutumia Groupon. Utafiti wake wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 66 walipata faida na asilimia 32 walipata hasara, lakini zaidi ya asilimia 40 walisema hawatarudia. Wengi wa wanaofuata kuponi hufuata bei. Kesho ikitoka ofa kwingine, huhamia huko. Tena mteja wa kila siku, aliyezoea kulipa 600, akimwona mgeni analipa 300 kwa sahani ile ile, huanza kujiuliza.

Yule mama hakutia saini. Aliweka picha ya sinia lake kwenye WhatsApp, akatoa punguzo la shilingi 50 kwa atakayeagiza mapema, akalipwa moja kwa moja kwenye simu yake.

Mwenye mashua nilimpa ushauri mwingine. Huwazungusha wageni chini ya Fort Jesus hadi mkondo wa Tudor, shilingi 1,500 kwa kichwa. Dizeli na ujira wa nahodha ni vile vile, wawe wanne au kumi na wawili. Masika, kuanzia Aprili, watalii huadimika na viti vinane hurudi vitupu. Kuponi ya 750 ikimwachia 375, viti vinane ni shilingi 3,000 ambazo asingeziona. Chumba cha hoteli na kiti cha saluni asubuhi ya Jumanne ni hivyo hivyo: siku ikipita bila mtu, pato lake limepotea.

Kwa hiyo naona biashara hii ina nafasi Mombasa, ila nafasi yenyewe ni nyembamba. Kuiga kampuni ya kuponi ni rahisi, na siku hizi muuzaji ana simu, WhatsApp na namba ya kulipia ya M-Pesa. Hahitaji dalali kwa tangazo tu. Wauzaji wa kisiwani wanajuana, na aliyeumia atasimulia msikitini, sokoni Marikiti na harusini. Kampuni ikitaka kudumu, kuponi pekee hazitoshi: Meituan ya China, iliyoanza mwaka 2010 kwa kuponi za namna hii, ilipona kwa kuingia kwenye kazi ya kuwafikishia watu chakula, huduma wanayoihitaji kila siku.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye biashara aandike gharama ya sahani moja au kiti kimoja kabla ya kutia saini, aweke kikomo cha kuponi, achague siku zake za ukame, na ajue atalipwa lini. Kampuni nayo ipunguze fungu lake na ikatae kuuza ofa inayomfilisi mpishi, hata kama wanunuzi wanaililia. Pato lake la mwakani linatoka kwa muuzaji aliyebaki na kitu mwaka huu.