Uchoraji wa Michemraba Mingi Iliyovishwa Picha katika Programu za Grafiki

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi programu ya grafiki inavyoweza kuchora maelfu ya michemraba iliyovishwa picha bila kuielemea kompyuta. Mfano unaofaa ni Minecraft, mchezo uliobuniwa nchini Uswidi na kutolewa rasmi mwaka 2011, ambao ulimwengu wake umejengwa kwa vitalu vya umbo la mchemraba.

2.0 Kiini cha Tatizo

Mchemraba una nyuso 6, na kila uso huchorwa kwa pembetatu 2. Fungu lenye michemraba 16 kwa urefu, 16 kwa upana na 16 kwa kimo lina michemraba 4,096, yaani pembetatu 49,152. Aghalabu anayeanza kazi hii hudhani kwamba wingi wa pembetatu ndio unaoichelewesha programu. Kwa hakika, kichakataji cha grafiki huzimudu bila taabu. Mzigo umo katika amri. Endapo kila mchemraba utachorwa kwa amri yake, na taswira ikachorwa upya mara 60 kwa sekunde, kichakataji kikuu kitapaswa kutoa amri 245,760 kila sekunde, huku kile cha grafiki kikingoja kazi.

3.0 Mbinu za Kupunguza Mzigo

Kwanza, nyuso zote za fungu huunganishwa katika hifadhi moja na kuchorwa kwa amri moja. Kwa kuwa kubadili picha hudai amri nyingine, picha zote nazo hupangwa ndani ya picha moja kubwa, iitwayo atlasi.

Pili, uso uliozibwa na mchemraba jirani hauonekani, hivyo hauingizwi katika hifadhi. Fungu lililotajwa, likiwa limejaa na kusimama peke yake, hubakiwa na nyuso 1,536 badala ya 24,576.

Tatu, ikiwa kila mchemraba unasogea kivyake, hifadhi ingebidi ijengwe upya daima. Hapo umbo moja huhifadhiwa, likarudiwa mara nyingi kwa amri moja kwa kufuata orodha ya mahali pa kila nakala. Uwezo huu uliingizwa katika OpenGL 3.1 mwaka 2009.

4.0 Hitimisho

Ni dhahiri kwamba hakuna mbinu moja ifaayo kila mahali. Michemraba iliyotulia huunganishwa, inayosogea hurudiwa. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu pembetatu, mtunzi wa programu hana budi kuhesabu amri.