Klachi ya Kiyoyozi na Hekima ya Kupima

Mgeni aliyezoea joto la Pwani aweza kustaajabu akisikia kwamba watu wa Morotonga, kata ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, ambako asubuhi nyingi huamkia ubaridi, wana haja kubwa na kiyoyozi cha gari. Lakini aliyewahi kufuata njia za vumbi zitokazo Mugumu kwenda Lango la Ikoma, au zile zipandazo kupitia Nyamongo hadi Tarime, hahitaji kuelezwa sababu yake. Wakati wa kiangazi gari litanguliapo huliachia la nyuma wingu zima la vumbi. Katika vichaka vya magharibi ya Serengeti mbung'o huingia kwa kila dirisha lililo wazi. Na masika yakifika, vioo hufunga ukungu kwa ndani hata dereva asiione njia, na kiyoyozi ndicho kikaushacho hewa na kuurejesha mwanga. Kikizima, abiria hawana budi kuchagua baina ya kufunga vioo wakahemewa na kuvifungua wakavuta vumbi.

Hukumu itolewayo siku hiyo aghalabu ni ya haraka: kompresa, ile pampu ya kiyoyozi, imekufa, inunuliwe nyingine. Mwenye gari huagiza ya mtumba kutoka Mwanza au Dar es Salaam, hulipia spea, usafirishaji na gesi mpya, kisha huomba Mungu kwamba hiyo iliyotoka katika gari la mtu mwingine iwe na uzima kuliko yake. Ilhali mara nyingi kompresa iliyotupwa haikuwa na ila yoyote ndani yake. Kilichochoka ni klachi iliyo usoni pake, na pengine kilichohitajika ni kurekebisha mwanya usiofika milimita moja. Naandika haya kwa kuwa naamini kwa dhati kwamba kupima kabla ya kununua ni insafu kwa mfuko wa mwenye gari, na ni heshima kwa kazi ya ufundi yenyewe.

Klachi hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Mnamo Novemba 1939 kampuni ya Packard ya Marekani ilionyesha mjini Chicago magari yaliyofungwa kiyoyozi kiwandani, jambo ambalo halikuwapo kabla yake. Uvumbuzi huo ulikuwa wa ajabu, illa ulikuwa na upungufu mmoja mkubwa: kompresa yake haikuwa na klachi, hivyo ilizunguka maadamu injini inanguruma, na aliyetaka kuipumzisha ilimlazimu azime injini, afungue boneti na kuuvua mkanda kwa mikono yake. Klachi ya sumaku iliyokuja baadaye ndiyo iliyoondoa udhia huo, na kanuni yake ilikuwa imekwisha kudhihirika zaidi ya karne moja nyuma, tangu William Sturgeon wa Uingereza alipotengeneza sumaku ya umeme mwaka 1825: chuma kilichozungushiwa waya hupata nguvu ya kuvuta umeme upitapo, na huipoteza ukatikapo.

Klachi hii ina viungo vitatu. Cha kwanza ni puli, ambayo hukaa juu ya beringi na kuzungushwa na mkanda wakati wote injini iwapo hai. Cha pili ni koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi ndani ya pete ya chuma, iliyofungwa imara nyuma ya puli na isiyozunguka kamwe. Cha tatu ni sahani ya chuma iliyo mbele, iliyoshikamana na mhimili wa kompresa, ambayo springi zake nyembamba huiweka kando kidogo ya puli, mithili ya mtu asimamaye pembeni mwa ngoma asicheze mpaka avutwe mkono. Dereva abonyezapo swichi, koili huwa sumaku, sahani hugota puli kwa mlio mkavu usikikao hata ndani ya gari, na tangu hapo puli na mhimili huzunguka kwa pamoja.

Kila mgoto huo hukwangua chembe za chuma, na miaka ipitapo mwanya hupanuka. Katika kompresa nyingi za Denso zilizomo katika magari ya Toyota, mwanya ulio sawa ni kati ya milimita 0.35 na 0.65. Ukizidi hapo, nguvu ya sumaku hupungua upesi kuliko mwanya unavyokua: ukiwa maradufu, mvuto hubaki takriban robo. Joto nalo huongeza taabu, kwani shaba ikipata nyuzi 60 zaidi ya ubaridi wake wa asubuhi, ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 24, mkondo wa umeme hushuka, na mvuto hupungua kwa kadiri ya theluthi moja. Fauka ya hayo, mtambo wenyewe huikata klachi na kuirudisha mara kwa mara ili barafu isigande ndani ya dashibodi. Klachi iliyochoka ikishaachia injini ikiwa na moto, haina tena nguvu ya kuikamata sahani. Ndiyo maana alama mashuhuri ya maradhi haya ni kiyoyozi kitoacho baridi asubuhi, kikazima adhuhuri baada ya mwendo mrefu, kisha kikarejea jioni injini ikisha kupoa.

Uchunguzi waweza kufanywa nyumbani kwa vyombo vichache. Kwanza, injini ikiwa imezimwa, izungushe sahani ya mbele kwa mkono: ikizunguka kwa uzito wa wastani, kompresa ina uhai, ikikataa kabisa, imekwama kwa ndani, na hapo kutengeneza klachi ni israfu. Pili, injini ikiwaka na swichi ikiwa imebonyezwa, pima umeme ufikao kwenye waya wa klachi, mikono na nguo zikiwa mbali na mkanda. Usipokuwapo, kosa lipo kwenye fyuzi, rilei, nyaya, au swichi ya shinikizo, ambayo huikataza klachi kazi gesi ipungukapo ili kompresa isiungue kwa kukosa mafuta. Kuiunganisha klachi kwa waya wa pembeni na kuiacha hivyo, kama wafanyavyo wengine, ni kumwondoa mlinzi mlangoni. Tatu, zima injini, chomoa waya na upime koili: nyingi za volti 12 huonyesha omu 3 hadi 5, na isiyoonyesha chochote imekatika. Nne, pima mwanya kwa majani ya chuma ya kupimia, mahali patatu kuzunguka sahani.

Mwanya ukionekana mpana ilhali koili ni nzima, tiba yake haigusi gesi hata kidogo. Toa waya wa hasi wa betri; na ikiwa itakubidi kuingia chini ya gari, liegemeze juu ya stendi madhubuti, wala usiitegemee jeki peke yake. Ishike sahani isizunguke, fungua bolti ya katikati, ambayo katika Toyota nyingi huchukua spana namba 10, kisha ivute sahani taratibu bila kuichokonoa kwa bisibisi, maana ikipinda haifai tena. Nyuma yake utakuta washa nyembamba mno, moja au zaidi, na hizo ndizo zishikazo mwanya. Toa moja au weka iliyo nyembamba zaidi, safisha kutu na mafuta kwenye nyuso zigusanazo, rudisha sahani, kaza bolti kwa kiasi, upime upya. Mwanya usibane mno, kwani sahani ikikwaruza puli wakati wa mapumziko, itaungua. Kisha rudisha waya wa betri, washa injini, na uiwashe na kuizima klachi mara kadhaa mpaka uridhike.

Kelele ya kusaga isikikayo hata kiyoyozi kikiwa kimezimwa ni ushahidi wa beringi ya puli, ambayo vumbi jekundu na tope huimaliza haraka sili zake zikichanika. Beringi mpya huingizwa kwa kusukumwa kwenye pete yake ya nje, kwani kuipiga pete ya ndani huiumiza kabla haijaanza kazi. Baadhi ya magari ya siku hizi hayana kabisa klachi ya namna hii, na mwenye gari hana budi kulijua hilo kabla ya kuitafuta.

Mpaka wa kazi ya nyumbani ni kwenye mabomba ya gesi. Gesi haitumiki ikaisha. Huzunguka ndani ya mtambo uliofungwa, na ikipungua pana uvujaji unaotakiwa kutafutwa na fundi mwenye mashine ya kuinyonya na kuihifadhi. Kilo moja ya R-134a, iliyomo katika magari mengi barabarani, hulipasha joto anga zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi, na kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana mjini Kigali, Oktoba 2016, kupunguza gesi za jamii yake. Kuiachia hewani ni dhambi juu ya hasara.

Ni nini basi huianzisha taksiri yote hii ya klachi? Katika nchi ya nyasi na vumbi, mara nyingi ni kondensa iliyo mbele ya rejeta: mbegu za nyasi na udongo huiziba, shinikizo hupanda, kompresa huwa nzito, na klachi huteleza mpaka sahani ikageuka rangi kwa moto. Kuiosha kondensa kwa maji ya nguvu ndogo, yakielekezwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, kila baada ya safari za porini, ni kazi ya dakika chache ambayo huokoa beringi, koili na kompresa pamoja. Mwenye gari wa Morotonga, aliye mbali na maduka makubwa ya spea, akijiwekea desturi hiyo na akawa na kipimo cha mwanya katika sanduku lake la vyombo, atakuwa amejikinga na gharama ambazo wengi huzilipa kwa kukosa maarifa haya machache.